KINGA KABLA YA DAWA: DESTURI ZA AFYA ZA WAFANYAKAZI WA CHINA

Mali ya mfanyakazi ni mwili wake. Mashine ya mwajiri ikiharibika hununuliwa nyingine. Figo na mapafu yetu yakiharibika, hakuna duka la kwenda kununua mengine. Kwa hiyo katika toleo hili tunaeleza jinsi tiba ya jadi ya China inavyowafundisha watu kujikinga na kuwatunza wagonjwa, na jinsi mafundisho hayo yalivyoingia viwandani.

Tiba hii si ngeni kabisa kwetu. Madaktari wa China walifika Zanzibar mwaka 1964 na Tanzania Bara mwaka 1968, na wengi wetu tumekwisha kusikia habari za sindano zao nyembamba. Tena, vile vikombe wanavyobandika mgongoni mwa mgonjwa vinafanana na chuku waliyokuwa wakipiga wazee wetu.

Mganga anauliza nini?

Kitabu chao cha kale kiitwacho Huangdi Neijing, chenye umri wa miaka 2,000 hivi, kinamsifu zaidi mganga anayezuia ugonjwa kuliko yule anayengoja mpaka mtu alale kitandani. Nasi tunasema: usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mganga wa Kichina humpima mgonjwa kwa njia nne. Kwanza humtazama, uso na ulimi. Pili husikiliza sauti na pumzi yake, na kunusa harufu. Tatu humwuliza maswali: analalaje, anakula nini, anatoka jasho wakati gani, ana kiu, choo chake kikoje? Nne humshika mkono na kusikiliza mapigo ya mshipa kwa vidole vitatu.

Wenyewe wanasema kwamba mwilini mna nguvu ya uhai iitwayo qi, na kwamba ugonjwa huja nguvu hiyo inapokwama au kupungua. Sayansi ya leo haijaithibitisha qi. Lakini maswali yale ni ya maana. Mtu anayefanya kazi ya zamu ya usiku mwezi mzima, asiyepata usingizi mchana, hawezi kuponywa kwa vidonge vya kichwa peke yake. Lazima aulizwe habari za kazi yake.

Nyumbani, mgonjwa hupewa uji mwepesi wa mchele, maji ya moto na mapumziko. Akianza kupona hatakiwi kurudia kazi nzito siku hiyo hiyo.

Maji ya moto na choroko

Wachina wengi hunywa maji yaliyochemshwa. Waganga wa jadi husema maji baridi hudhoofisha tumbo. Daktari wa hospitali atasema kuchemsha maji huua vijidudu vya kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara damu. Sababu ni mbili, faida ni moja. Serikali ya China ilipoanza kampeni kubwa ya usafi mwaka 1952, desturi hii ilienezwa zaidi. Viwanda vingi vilikuwa na chumba cha kuchemshia maji, na kila mfanyakazi alikwenda na chupa yake ya chai kujaza. Tangu mwaka 1951 redio pia ilitangaza mazoezi ya viungo, watu wakayafanya pamoja viwandani na mashuleni.

Wakati wa joto kali hupikwa maji ya choroko, ambayo kwa mafundisho yao hupoza mwili. Choroko hizi ni zile zile tunazozijua sisi. Faida iliyo wazi ni kwamba mtu anayetoka jasho jingi anarudishiwa maji. Lakini mtu akizidiwa na joto mpaka akachanganyikiwa au kuzimia, asinyweshwe kitu. Apelekwe kivulini, amwagiwe maji, apepewe, na apelekwe hospitali mara moja.

Desturi ikawa kanuni

Hapa ndipo penye jambo kubwa kwetu. Desturi njema peke yake haitoshi. Mkata mkonge anaweza kujua vizuri faida ya maji safi, lakini kama shambani hakuna maji, elimu yake haimfai kitu.

Kanuni za China za mwaka 2012 juu ya kazi za joto zinamtaka mwajiri kutoa vinywaji vya kupunguza joto, wala haruhusiwi kutoa fedha badala ya vinywaji hivyo. Joto likifika nyuzi 40, kazi za nje husimamishwa siku hiyo. Likiwa kati ya nyuzi 37 na 40, kazi ya nje isizidi saa 6 kwa siku, na isifanywe katika zile saa 3 za joto kali kuliko zote.

Tahadhari

Si kila jani ni dawa. Baadhi ya mitishamba ya Kichina yenye asidi ya aristoloki imewaharibu watu figo. Sindano za tiba ziwe mpya au zimetakaswa. Anayetumia dawa za hospitali asiziache, na amweleze daktari kila mtishamba anaotumia.

Mfano mzuri ni dawa mseto ya malaria. Mwaka 1972 Tu Youyou na wenzake walipata kutoka katika mmea wa jadi dawa ya artemisinini, na mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobeli. Dawa hiyo ilipimwa, ikajulikana kiasi chake. Kuchemsha majani ya mmea huo nyumbani si badala yake, na Shirika la Afya Duniani halishauri kufanya hivyo.

Tufanye nini?

Kila kamati ya tawi iulize maswali kama yule mganga. Je, maji ya kunywa yako wapi, na yamechemshwa? Kivuli kiko umbali gani? Wa zamu ya usiku analala saa ngapi? Aliyeugua anarudishwa kazini baada ya siku ngapi? Majibu yaandikwe, kisha yapelekwe mezani wakati wa kujadili mkataba na mwajiri.

Kinga ni bora kuliko tiba, na kinga ya mfanyakazi huanzia mahali pa kazi.