Kwa nini mwili huvimba baada ya upasuaji wa moyo

MZAZI anayeruhusiwa kumwona mwanawe saa chache baada ya upasuaji wa moyo aghalabu hushtuka: uso umefura na kope hazifunguki. Hali hiyo si lazima iwe ishara kwamba madaktari wamekosea.

Ili moyo utulie ukishonwa, damu huelekezwa katika mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu. Dkt John Gibbon ndiye aliyefaulu kuitumia mara ya kwanza, Mei 6, 1953, mjini Philadelphia, Marekani.

Hata hivyo, damu haikuumbwa kupita katika mipira ya plastiki. Ikiigusa, kinga ya mwili huamka kana kwamba imevamiwa na viini. Chembechembe nyeupe hutoa kemikali kali, nazo kuta za mishipa midogo hulegea. Maji na protini huvuja na kuingia katika nyama za mwili na mapafu, huku shinikizo la damu likishuka.

Watoto wachanga huathirika zaidi, kwani damu yao ni kidogo ikilinganishwa na maji yanayoijaza mashine.

Utafiti uliochapishwa 2015, uliohusisha watu wazima 7,507, ulibainisha kuwa dawa za steroidi hazikupunguza vifo. Kwa hivyo, wataalamu hutumia mipira mifupi iliyopakwa heparini, na huchuja maji ya ziada kabla ya kufunga kifua.

Kwa kawaida uvimbe hupungua baada ya siku chache, figo zikiyatoa maji hayo. Basi mzazi na amuulize daktari iwapo mtoto anakojoa vyema.