John Kilaka na kitabu kinachosomwa na wawili

Mzazi anayenunua kitabu cha picha mara nyingi hukipima kwa wingi wa maneno. Akikuta ukurasa mzima umejaa tembo na sungura, na chini yake sentensi mbili tu, huona pesa yake inapotea. Kipimo hicho kinafaa kwa kitabu cha kiada, lakini kwa kitabu cha kusomwa kwa sauti hakifai hata kidogo. Kitabu cha aina hiyo husomwa na wawili kwa wakati mmoja: mtu mzima husoma maandishi, na mtoto ambaye bado hajajua herufi husoma picha huku akisikiliza. Maneno yakieleza kila kilichochorwa, mtoto habakiwi na kazi. Ufupi wa maandishi ndio unaompa nafasi ya kugundua, kuuliza na kubishana.

Kazi za John Kilaka zinalionyesha jambo hili vizuri kuliko nyingi ninazozijua. Kilaka, mzaliwa wa Sumbawanga, ni mchoraji wa mtindo wa Tingatinga na pia msimulizi, aliyekusanya ngano kwa wazee vijijini. Kitabu chake cha marafiki wa kweli, kinachohusu tembo na panya, kilipata tuzo ya vitabu vya watoto ya Bologna nchini Italia. Nacho kile cha mti wa ajabu, kilichotoka kwa Kijerumani mwaka 2009, kinatokana na ngano inayojulikana na jamii nyingi za Afrika. Kuna ukame, na mti mmoja tu una matunda, lakini hayaanguki mpaka mtu autaje kwa jina. Kobe analijua jina hilo. Wanyama wakubwa wanakwenda kwake, wanaambiwa, na njiani wanasahau. Sungura, aliyedharauliwa kwa udogo wake, ndiye anayerudi nalo.

Anayesoma kimyakimya anaweza kuona marudio hayo kuwa ni ufinyu wa mawazo. Msikilizaji mdogo hayaoni hivyo. Kila mara jina linapotajwa kwake, linamkaa zaidi kichwani, mpaka inafika safari ambayo mnyama mkubwa amelisahau na mtoto analikumbuka. Hapo hawezi tena kunyamaza. Analitamka kabla ya msomaji. Amefanya alichokifanya sungura, na ameelewa maana ya hadithi bila kuhubiriwa. Marudio, basi, ndiyo yanayobeba kisa, na hayafanyi kazi kikamilifu mpaka yatoke mdomoni mwa mtu. Picha nazo zinachangia. Mtindo alioanzisha Edward Said Tingatinga jijini Dar es Salaam mwaka 1968, kwa rangi za mafuta zenye kung'aa juu ya vipande vya hadibodi, unapenda mistari iliyo wazi na maumbo makubwa. Mtoto aliyekaa nyuma kabisa anamtambua mnyama, na aliye karibu anapata nguo za maua na vitu vidogo ambavyo maandishi hayakuvitaja.

Wapo watakaosema bibi hakuhitaji kitabu. Alisema paukwa, watoto wakajibu pakawa, na usiku ukaenda. Ni kweli, na asiyethamini usimulizi huo hawezi kuandika kitabu kizuri cha watoto. Lakini kitabu kinaleta lugha ambayo mazungumzo ya kila siku hayana. Mwaka 1988, watafiti wa Marekani Donald Hayes na Margaret Ahrens walilinganisha maandishi na mazungumzo ya Kiingereza, wakakuta vitabu vya watoto vina maneno adimu mengi kuliko maongezi ya watu waliosoma chuo kikuu. Jambo hili linatuhusu sana, kwa kuwa watoto wengi wa Tanzania husikia lugha nyingine nyumbani kabla ya Kiswahili sanifu cha darasani.

Hofu nyingine ni kwamba mtoto anayesomewa atabweteka, asijifunze kusoma mwenyewe. Tahajia ya Kiswahili inatusaidia kuijibu. Herufi zetu zinasomeka kama zilivyoandikwa, kwa hiyo mtoto akifundishwa vizuri huziunganisha silabi mapema. Anachokwama nacho mara nyingi ni kuelewa alichokitamka. Anaweza kusoma aya yote bila kigugumizi na asijue nani alimfanya nini nani. Uelewa huo hujengwa kwa kusikia sentensi ndefu na visa vilivyopangwa, kazi ambayo haina sababu ya kusubiri herufi, wala kukoma zikishajulikana.

Pingamizi zito zaidi ni bei. Picha za rangi ni ghali kuchapa, na vitabu vya Kilaka mwenyewe vilitoka Uswisi kabla ya kufasiriwa kwa lugha nyingine. Silidharau pingamizi hili. Hata hivyo, kitabu cha kusoma kwa sauti hakihitaji nakala kwa kila mtoto. Nakala moja ikishikwa na mwalimu anayewageuzia wanafunzi kurasa inatosha darasa zima, na inaweza kurudiwa muhula mzima kwa sababu watoto hutaka hadithi ileile tena. Mchapishaji anayelazimika kupunguza gharama apunguze idadi ya kurasa, apunguze hata maneno, lakini picha aziache kubwa na zenye rangi, kwa sababu hizo ndizo sehemu ya mtoto.