Uvimbe wa Shingoni na Uzito wa Jina: Limfoma ya Seli T kwa Wanaoishi na VVU

Utangulizi

Isiolo ni mji wa njia panda. Waborana, Waturkana, Wasamburu, Wasomali na Wameru hukutana sokoni na hospitalini, na aghalabu Kiswahili ndicho daraja baina ya mgonjwa na mhudumu. Neno likiteleza hapo, haiumii sarufi peke yake. Makala haya yanafafanua ugonjwa mmoja adimu ambao jina lake huweza kuamua hatima ya mgonjwa.

Limfoma ni nini?

Limfoma ni saratani ya limfosaiti, yaani seli nyeupe za damu zinazoulinda mwili. Miongoni mwazo zimo seli B, zitengenezazo kingamwili, na seli T, zilizopewa herufi hiyo kwa kuwa hukomaa katika thimasi, tezi iliyo kifuani. Seli moja ikiharibika katika urithi wake, huzaana bila kikomo na kuzivimbisha tezi za shingoni, kwapani au kinenani.

Uhusiano wake na VVU

VVU hushambulia hasa seli T za aina ya CD4. Basi msomaji huenda akauliza: askari anayeuawa na adui atageukaje kuwa jeshi la waasi? Ni kwamba kinga inapodhoofika, mwili hupoteza uwezo wa kuziangamiza seli zilizopotoka. Isitoshe, kinga huchochewa bila kupumzika, nazo seli zinazogawanyika mfululizo zina nafasi kubwa zaidi ya kukosea.

Hata hivyo, limfoma nyingi za wanaoishi na VVU hutokana na seli B. Mojawapo inajulikana sana Afrika Mashariki: mwaka 1958 daktari Denis Burkitt, aliyefanya kazi Mulago, Kampala, alieleza uvimbe wa taya za watoto ambao leo unaitwa kwa jina lake. Mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr walitangaza kuona kirusi kipya katika seli za uvimbe huo zilizopelekwa London kutoka Uganda. Limfoma ya seli T ni nadra zaidi, na kwa ajili hiyo ni rahisi kusahauliwa.

Tatizo la majina

Dalili zake ni homa, jasho jingi la usiku, kukonda, na uvimbe ambao mara nyingi hauumi. Dalili hizo hizo ni za kifua kikuu cha tezi, ambacho huwapata wanaoishi na VVU mara nyingi zaidi. Kwa hiyo si ajabu mhudumu kukishuku kwanza. Hatari huanza pale ambapo shaka inageuzwa kuwa hakika: mgonjwa humeza dawa za kifua kikuu kwa miezi, uvimbe ukizidi kukua.

Limfoma ya seli T inayoota ngozini nayo hufanana na choa au ukurutu. Hata jina la kitaalamu la aina moja, mikosisi fungoidesi, limebeba kosa: Alibert, tabibu wa Ufaransa wa karne ya 19, aliufananisha uvimbe wake na uyoga, ilhali hakuna kuvu ndani yake.

Kinachotenganisha maradhi haya ni kukata tezi au kipande cha ngozi na kukichunguza kwa hadubini. Tiba yake ni ya saratani, aghalabu tibakemikali, ikiendelea sambamba na dawa za kupunguza makali ya VVU. Dawa hizo zimepunguza limfoma nyingi, ingawa hazijazikomesha. Kwa mkaazi wa Isiolo, uchunguzi na tiba huweza kumaanisha safari ya Meru, au ya Nairobi, takriban kilomita 280. Kila mwezi unaopotea huufanya mwendo huo kuwa mrefu zaidi.

Hitimisho

Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Istilahi zipo: limfoma, seli T, tezi, tibakemikali. Lililosalia ni kuzitoa vitabuni na kuzifikisha kwenye benchi la wagonjwa, zikifafanuliwa kwa lugha nyepesi. Mgonjwa anayejua kwamba “uvimbe” si jina la ugonjwa bali ni dalili tu, atathubutu kuuliza: uvimbe huu ni wa nini, na umepimwa? Swali hilo likiulizwa mapema, Kiswahili kitakuwa kimetenda kazi ya tiba.