Buu Yuko Sakafuni, Chanzo Kiko Kwingine

Buu mweupe anayetambaa sakafuni jikoni huwa ameshashiba. Ametoka alikokuwa akila, sasa anatafuta pakavu penye giza ajigeuze nzi. Kumfagia au kumpulizia dawa hakumalizi kitu: wenzake bado wamo kwenye ndoo ya taka, ndani ya gunia la viazi vilivyooza au nyuma ya friji alikofia panya.

Nzi wa nyumbani hutaga mayai 75 hadi 150 kwa mkupuo. Kwenye joto huanguliwa ndani ya siku moja, na mabuu hukomaa kwa siku 4 hadi 7. Anayemwaga taka kila baada ya siku mbili, tatu, hawapi nafasi. Kufunika nako ni dawa ya zamani: mwaka 1668 daktari wa Italia, Francesco Redi, alifunika nyama kwa kitambaa chepesi. Nzi walitaga juu ya kitambaa, nyama ikabaki bila buu.

Lakini kwanza mtazame mdudu mwenyewe. Buu wa nzi hana miguu. Mbele amechongoka, nyuma ni butu. Mwenye kichwa cha kahawia na vijiguu ni kiwavi wa nondo, na la kukaguliwa hapo ni debe la unga.

Bafuni mambo ni mengine. Vijidudu vyembamba vya kijivu karibu na tundu la maji machafu, pamoja na vijinzi vyenye manyoya vinavyotua ukutani, huishi kwenye utelezi uliogandia ndani ya bomba. Dawa ya kuua vijidudu hupita juu ya utelezi huo na kwenda zake. Brashi ndiyo huung'oa. Ukitaka uhakika, bandika selotepu juu ya tundu usiku, gundi ikitazama chini, uache upenyo wa hewa. Asubuhi utawakuta wamenasa.

Yule mkubwa wa kahawia, bapa, mwenye ngozi ngumu, anayeonekana chooni au kwenye mboji, huogopwa bure. Ni buu wa nzi chuma, na Kenya wapo wanaomfuga kwa ajili ya chakula cha kuku na samaki.

Wa kuogopwa ni yule asiyeonekana. *Cordylobia anthropophaga*, nzi wa Afrika kusini mwa Sahara, hutaga kwenye mchanga wenye mkojo au kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini. Buu huanguliwa baada ya siku 1 hadi 3, akapenya ngozi ya mvaaji na kukulia humo siku 8 hadi 12, ndani ya jipu lenye kitundu kidogo. Nguo zianikwe juani kwenye kamba, kisha zipigwe pasi ya moto pande zote mbili, hasa kwenye mishono, viuno vya lastiki na nepi za mtoto. Aliyekwisha kuingia huzibwa kwa mafuta ya mgando. Akikosa hewa hujitokeza, ndipo huvutwa taratibu kwa kibano. Kumkamua kwa nguvu kunaweza kumpasua ndani, na mabaki yake huleta uvimbe.