Nani Aliyekula Jasho la Sex Pistols?

Wako watu wasemao kuwa mpiga muziki si mfanya kazi. Twawaomba watu hao waitazame ziara ya bendi ya Sex Pistols ya Uingereza, ilipovuka Bahari ya Atlantiki kwa mara ya kwanza kupiga muziki Marekani, mwezi wa Januari, 1978.

Walikuwa vijana wanne. Mwimbaji, Johnny Rotten, ambaye jina lake hasa ni John Lydon, ni mtoto wa wahamiaji wa Ireland waliokaa London. Paul Cook, mpiga ngoma, alikuwa amejifunza ufundi wa umeme. Steve Jones alipiga gitaa, na Sid Vicious gitaa la besi. Muziki wao, uitwao panki, ulijaa kelele na matusi, nasi hatuna haja ya kuusifu. Lakini kazi ni kazi.

Kwanza walinyimwa viza kwa ajili ya makosa waliyowahi kuhukumiwa nayo. Ruhusa ilipopatikana, maonyesho ya mwisho wa Desemba yalikuwa yamekwisha futwa. Yakabaki saba, kuanzia Atlanta tarehe 5 Januari mpaka San Francisco tarehe 14. Meneja wao, Malcolm McLaren, aliipitisha ziara Memphis, San Antonio, Baton Rouge, Dallas na Tulsa, hata katika kumbi zilizozoea nyimbo za wachunga ng'ombe. Twaona hakukosea njia: palipo na hasira pana habari, na habari huuza. Huko San Antonio bendi ilirushiwa makopo ya bia, na Vicious akampiga mtazamaji kwa gitaa lake. Mwenye kupanga ziara hapandi jukwaani.

Usiku wa mwisho, mbele ya watu zaidi ya elfu tano katika ukumbi wa Winterland, Rotten aliwauliza watazamaji kama wamewahi kujiona wamepunjwa, kisha akaondoka. Kwa maoni yetu, swali lile lilimhusu yeye kuliko wao. Siku chache baadaye bendi ilivunjika. Jones na Cook wakaenda Brazil. Vicious, aliyekuwa mtumwa wa heroini, alifia New York tarehe 2 Februari, 1979, naye ana umri wa miaka 21.

Lydon hakunyamaza. Alimshitaki meneja katika mahakama ya London juu ya mapato na haki za bendi, na shauri likadumu mpaka 1986, ndipo mali iliporudi kwa wapigaji na kwa mirathi ya Vicious. Mkataba wenyewe walikuwa wameutia sahihi mwaka 1976, wakiwa vijana wa miaka ishirini hivi, nasi twajua jinsi kijana mwenye njaa asomavyo mkataba.

Mwaka 1996 walikusanyika tena kwa ziara ya dunia, pamoja na Glen Matlock, mpiga besi wao wa kwanza. Walipoulizwa sababu, walijibu bila haya kuwa wanafuata fedha.