Chapa za Ubao za Wajapani na Kanga za Masanduku Yetu

Tarehe 1 Septemba, mwaka 1923, muda mchache kabla ya adhuhuri, ardhi ya Tokyo na Yokohama ilipatwa na tetemeko kuu, na moto uliofuata, ukichochewa na upepo juu ya nyumba za mbao, ulishiriki kuangamiza roho zaidi ya laki moja. Na katika mali zilizoteketea lilikuwamo duka la Watanabe Shozaburo, mchapishaji wa picha, pamoja na mbao zake za chapa na akiba ya picha alizokuwa ameziweka kwa ajili ya kuuza. Karatasi hailinganishwi na roho ya mtu, wala sina nia ya kufanya hivyo. Lakini mtu anayetaka kufahamu kwa nini picha moja ya Kijapani ya mwaka 1921 hugombaniwa mnadani, ilhali mwenzake wa mwaka 1931, aliyetoka mikononi mwa mafundi wale wale, aghalabu hupatikana kwa bei ya upole zaidi, hana budi kuanza na moto ule.

Watanabe, aliyezaliwa mwaka 1885 na kufariki mwaka 1962, hakuwa mchoraji. Alikuwa mfanyabiashara mwenye jicho, ambaye aliona kwamba sanaa ya chapa ya ubao, iliyokuwa riziki ya mafundi wa Tokyo tangu zama mji huo ulipoitwa Edo, imo katika sakarati kwa kushindwa na kamera na mitambo ya Kizungu, akaazimia kuihuisha. Alimwendea Hashiguchi Goyo, bingwa wa taswira za wanawake. Akamchukua Ito Shinsui, kijana ambaye hata miaka ishirini alikuwa hajatimiza. Kisha akampata Kawase Hasui, ambaye alizunguka nchi yake yote na daftari mkononi akichora mahekalu chini ya theluji, mvua juu ya madaraja na taa za vijiji usiku. Hasui naye alipoteza nyumba na daftari zake katika moto wa 1923, akaanza upya safari zake. Alifariki mwaka 1957.

Picha hizi huitwa za mchoraji kwa heshima tu, kwa maana watu wanne walishiriki kila moja: mchoraji, mchonga mbao, mpiga chapa, na mchapishaji aliyetoa fedha na kubeba hasara. Mchoraji hutoa mchoro wa wino juu ya karatasi nyembamba. Mchongaji huubandika mchoro huo kifudifudi juu ya ubao wa mti wa cheri, kisha kwa kisu hukata mti na karatasi pamoja, akiacha mistari imesimama, hata kazi inapokwisha ule mchoro wa asili umeangamia na kilichobaki ni ubao. Kila rangi hutaka ubao wake. Ili rangi zisikimbiane, mchongaji hukata ukingoni mwa kila ubao alama mbili ndogo, moja ya kona na moja ya mstari, ambazo karatasi huegemezwa kwazo kila inapolazwa. Mpiga chapa hupaka ubao rangi ya maji na uji kidogo wa mchele, hulaza juu yake karatasi iliyotengenezwa kwa maganda ya mti wa jamii ya mforsadi, kisha husugua mgongo wa karatasi kwa kibonyezo cha mviringo kilichofunikwa ganda la mwanzi. Geuza picha nzuri ya Hasui uitazame kwa nyuma: utaona rangi zimepenya, na pengine utaona duara za mkono wa yule mpiga chapa, ambaye jina lake aghalabu halikuandikwa mbele. Mkusanyaji mzoefu hutazama nyuma kabla ya mbele.

Walikuwapo waliokataa ushirika huo. Tangu mwaka 1904, Yamamoto Kanae alipochora, kuchonga na kupiga chapa mwenyewe picha ya mvuvi, lilitokea kundi lililoshikilia kwamba msanii wa kweli hufanya yote kwa mkono wake. Onchi Koshiro alikuwa imamu wao, na Munakata Shiko, aliyechonga uso wake ukikaribia kugusa ubao kwa udhaifu wa macho, aliwapatia tuzo kubwa ya maonyesho ya Venice mwaka 1956. Kati ya makundi haya mawili alisimama Yoshida Hiroshi, aliyekuwa na karakana yake mwenyewe na mafundi wake, naye akiwasimamia kwa ukali. Yoshida alisafiri mbali, hata akachora Sphinx ya Misri na Taj Mahal ya Bara Hindi, na alikuwa na hila moja inayostahili kukumbukwa: katika mwaka 1926 alitoa picha ya jahazi zenye matanga, kisha kwa mbao zile zile, kwa kubadili rangi tu, akatoa jahazi hizo hizo alfajiri, mchana, jioni, katika ukungu, na usiku.

Msomaji wa kike, nadhani, ameshatabasamu. Kwani ni nani asiyejua kwamba kanga moja, yenye mji ule ule na pindo lile lile, hutoka nyekundu, hutoka ya zambarau, hutoka ya kijani, na marafiki watatu wakagawana rangi dukani? Hapo ndipo ninapotaka kusema nililokusudia: kanga ni chapa yetu, nayo ina nasaba ya namna moja na hizo picha ambazo makumbusho ya dunia yanazitunza katika makabati ya giza; na tukiwa tunastaajabu kwamba watu wamezikusanya picha za Wajapani kwa maelfu, twapaswa kustaajabu zaidi kwamba sisi tumezivaa kanga zetu hadi zikawa nepi, zikawa matambara ya kupangusia, zikapotea.

Katika miongo ya mwisho ya karne ya kumi na tisa, wanawake wa Unguja na Mombasa walinunua leso za madukani kabla hazijakatwa, wakaunga sita kuwa nguo moja, tatu juu na tatu chini. Wenye maduka, waliokuwa wepesi wa kuona faida, wakaagiza nguo nzima iliyokwisha kupigwa chapa kwa kipimo hicho. Za mwanzo zilipigwa kwa mihuri ya mbao iliyochongwa kwa mkono, kama picha za Tokyo. Na kutoka Helmond katika Uholanzi, ambako kiwanda cha akina van Vlissingen kilisoma upesi matakwa ya pwani yetu, hadi Uingereza na Bara Hindi, wageni wakachuma kwa kumvika mwanamke wa Kiswahili. Mahali pa Watanabe, huku kwetu palisimama watu kama Kaderdina Hajee Essak, aliyeanza biashara yake Mombasa mwaka 1887, na ambaye kanga zake zimejulikana kwa alama ya "Mali ya Abdulla". Yeye hutajwa kuwa ndiye aliyeanza kutia maneno juu ya kanga, kwanza kwa herufi za Kiarabu, na baadaye maneno hayo yakawa kwa herufi za Kirumi tunazosoma leo.

Na Wajapani wenyewe waliingia katika hadithi hii. Mikataba ya bonde la Kongo, iliyoanza Berlin mwaka 1885 na kutengenezwa upya mwaka 1919, ilikataza kutoza bidhaa za taifa moja ushuru mzito kuliko wa jingine katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki. Kwa hiyo Mwingereza, ajapokuwa mtawala, hakuweza kuzikinga nguo za Lancashire. Mwaka 1926 meli za Osaka Shosen zikaanza safari za kudumu mpaka pwani yetu, na katika miaka ya 1930 nguo ya pamba ya Kijapani, rahisi na yenye kupendeza, ikajaa sokoni hata wenye viwanda wa Manchester wakapiga kelele. Vita vilikata biashara hiyo mwaka 1941. Amani iliporudi, nayo ikarudi, na kanga nyingi za akina mama wa miaka ya 1950 na 1960 zilipigwa chapa Japani, nyingine katika mji wa Kyoto, mji wa mafundi wa kimono. Maneno ya Kiswahili yalisafiri baharini kwa barua, yakachorwa na mtu asiyejua maana yake, yakarudi yamekuwa nguo. Baada ya kiwanda cha Urafiki kufunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968 kwa msaada wa Wachina, na viwanda vingine kufuata, njia hiyo ikafifia.

Sasa, mtu akitaka kukusanya, atazame nini? Kwa picha za Wajapani ilmu yake imekwisha kutungwa. Mihuri ya mchapishaji ilibadilika umbo kwa miaka, kwa hiyo muhuri mdogo pembeni huweza kueleza kama nakala ni ya kabla ya vita au ya baada yake. Picha za Yoshida alizozisimamia mwenyewe huwa na muhuri katika pambizo la kushoto unaoshuhudia hivyo. Na kwa kuwa mbao huishi kuliko wachoraji, jamaa zao na wachapishaji wao wameendelea kupiga nakala baada ya kifo, nakala halali, nzuri, lakini zisizo na thamani ile. Pambizo zilizokatwa ili picha ienee katika fremu hupunguza bei, na jua huila rangi bila huruma. Robert Muller wa Marekani, aliyeanza na picha moja ya Hasui akiwa mwanafunzi, aliyazingatia mambo hayo maisha yake yote, na alipofariki mwaka 2003 picha zaidi ya elfu nne zikaenda katika makumbusho ya Sackler, Washington.

Kwa kanga ilmu hiyo bado imo vichwani mwa bibi zetu, na kila mwaka inazikwa kidogo. Jambo la kwanza ni doti: kanga ni mbili, na anayenunua kipande kimoja ili akitundike ukutani amefanya jinai ile ile ya kukata pambizo. Kisha tazama ukingo, ambako hupatikana alama ya mwenye mali, pengine na nambari. Tazama hati ya maneno, kama ni ya Kiarabu au ya Kirumi. Tazama kama rangi zimekutana sawasawa katika pindo, au moja imeteleza ikaacha weupe. Na utazame upande wa nyuma, rangi imepenya kiasi gani. Zipo zinazojitaja zenyewe: za uhuru wa mwaka 1961, za Azimio la Arusha la 1967, za Barack Obama zilizouzwa mwaka 2008. Zile zisizotaja tukio lolote ndizo ngumu, nazo ndizo tamu zaidi kwa mwenye subira. Kanga mpya ina wanga mwingi, na wanga huwaita wadudu, kwa hiyo ile ya kuwekwa miaka mingi ni heri ifuliwe mara moja kwa maji matupu, ikaushwe kivulini, na mikunjo yake ibadilishwe kila baada ya miezi ili isikatike palepale.

Hapa lakini natofautiana na wakusanyaji wa picha. Wao hupenda karatasi isiyoguswa. Mimi, nikipewa hiari ya kuchagua baina ya doti mbichi ya dukani na doti iliyopauka ambayo mwenyewe aweza kuniambia aliivaa siku ya arusi ya mwanawe wa kwanza, naichukua ya pili, kwa kuwa kanga bila mvaaji wake ni nusu ya habari.

Sisi tulio Mbebe, katika wilaya ya Ileje, tumekaa mbali na bahari, na mto Songwe ndio mpaka wetu na Malawi. Kanga hutufikia kwa malori ya Dar es Salaam kupitia Tunduma, na sokoni hugombania nafasi na vitenge vya Zambia na Malawi, ambavyo vijana wetu wanavipendelea kwa mishono. Hayo yasitukatishe tamaa. Nguo iliyokuja mbali hutunzwa zaidi, na katika masanduku ya bati na mabegi ya mama zetu wa milimani humo mna kanga ambazo pwani zimekwisha kuchakaa zamani. Makumbusho ya Uingereza, London, yamekwisha kukusanya kanga. Wajapani, kwa upande wao, wamejenga katika mkoa wa Mie nyumba nzima ya vinyago vya Kimakonde. Sina ugomvi nao, maana aliyetunza si mwizi. Ila itakuwa aibu iwapo wajukuu wetu watapanda ndege kwenda kuzitazama nguo za bibi zao.

Basi, ndugu msomaji, uwe Mbebe, Vwawa, Tunduma au Tanga, nakuomba jambo dogo. Sanduku la mzee litakapofunguliwa baada ya arobaini, na kabla kanga hazijagawiwa moja moja kwa mabinti na wakwe kama ilivyo desturi, waombe wenye mirathi waache doti moja nzima isitengwe. Chukua karatasi uandike jina la mvaaji, duka au soko ilikonunuliwa, mwaka ukijulikana, na siku aliyoivaa. Ikunje karatasi hiyo ndani ya nguo, na umkabidhi mmoja wa ukoo aliye na nyumba kavu.