Mbele ya kutia mukono: juu ya nini tunajifunga?



Mavuno yakikaribia, wanunuzi wanakuja na makaratasi. Wengi wanafikiri kama mukono ku karatasi peke yake unatosha. Siyo vile. Sheria ya mapatano ya inchi yetu, dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, inaomba mambo ine: mwenye kujifunga akubali kwa mapenzi yake, awe na uwezo mbele ya sheria, kitu munachopatana kijulikane, na kuwe sababu ya halali. Hii ya ine, wanasheria wanaiita « cause », ndiyo tunaeleza leo.

Sababu ni jibu la ulizo moja: ninajifunga juu ya nini? Koperative inaahidi mifuko 100 ya mahindi juu mununuzi ameahidi kulipa. Yeye anaahidi kulipa juu atapata mahindi. Ahadi ya mumoja ni sababu ya ahadi ya mwingine. Haiombwe pesa zitoke siku ile ile. Ahadi ya kulipa kisha kupima inatosha. Tena, bei ndogo siyo sawa na kukosa bei. Kama mulikubali bei ya chini, musitegemee tribinali ivunje mapatano juu ya ile tu.

Lakini sababu ikikosekana, ao ikiwa ya uongo, ao ikikatazwa na sheria, mapatano hayana nguvu. Tuseme komite imetia mukono ku deni la mbegu, na hata kilo moja haikufika. Deni lile halina sababu. Shida ni hii: karatasi iko na mukono wenu, na ni ninyi mutaombwa kuhakikisha kama hamukupokea kitu. Ni kazi nguvu.

Kwa hiyo tunashauri:

– Andikeni pande zote mbili: sisi tunatoa nini, kiasi gani, lini, yeye anatoa nini, kiasi gani, lini. Upande mumoja ukibaki wazi, mukatae kwanza.

– Musitie mukono ku « tumepokea » mbele ya kupima na kuhesabu.

– Muchunge kopi ya mapatano na karatasi za depo pamoja.

Mapatano yaliyofanywa kwa kufuata sheria yanakuwa sheria kwa wale walioyafanya. Basi tuyasome kwa sauti mu mukutano mbele ya kutia mukono, siyo kisha.